Mwimbaji Ameondoka, Mpiga Dramu Naye Ameondoka: Jina la Bendi Libaki?

Swali limetoka kwa msomaji wa Buruburu, Nairobi. Nalifupisha:

"Habari mwalimu. Bendi yetu ya metali, yaani roki nzito, ilianza mwaka 2017 tukiwa wanne, na tumerekodi nyimbo kumi na moja. Mwaka jana mwimbaji wetu alihamia Kanada, na mwezi wa pili mpiga dramu akapata kazi Eldoret. Tumebaki wawili, mimi kwenye gitaa na mdogo wangu kwenye besi. Nyimbo nyingi huanzia kwenye gitaa langu, lakini maneno yalikuwa ya mwimbaji. Wapo mashabiki wanaosema tukiendelea na jina lile tutakuwa tunawadanganya watu. Nikiwatazama Black Sabbath naona waimbaji walikuja wakaondoka na bendi ikabaki Black Sabbath. Iliwezekanaje? Na sisi tuendelee, au tulizike jina tuanze upya?"

Dada yangu, endeleeni na jina lenu. Natanguliza jibu hilo ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia. Ila nina sharti moja: msiende kutafuta mtu wa kuziba pengo la mwimbaji. Katafuteni mtu wa kutunga naye. Nimepiga besi, kisha nikaingia kazi ya kuchanganya sauti kwenye shoo za roki hapa mjini kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na bendi nyingi nilizoziona zikifa hazikuuawa na aliyeondoka. Ziliuawa na namna alivyopokelewa aliyekuja.

Nianze na Sabbath kwa kuwa umewataja. Walianza Birmingham, Uingereza, mwaka 1968: Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi, Bill Ward kwenye dramu, na Ozzy Osbourne akiimba. Iommi hupiga kwa mkono wa kushoto. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono unaobana nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimsumbue vidoleni. Mlio ule mzito wa chini, ambao kila bendi ya metali duniani imeurithi, umepita kwenye jeraha lile. Kwa hiyo unapouliza Sabbath ilikuwa nani, tazama kwanza uzito wake ulitoka wapi. Ulitoka kwenye mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo yumo kwenye kila albamu yao, kuanzia ile ya Februari 1970 hadi ya mwisho ya mwaka 2013.

Ozzy alifukuzwa mwaka 1979, akaja Ronnie James Dio, Mmarekani aliyekuwa ameimba na bendi ya Rainbow. Hapa nakuomba ufanye zoezi. Chukua spika, sikiliza "Iron Man" ya mwaka 1970, halafu "Heaven and Hell" ya mwaka 1980. Katika "Iron Man" sauti ya Ozzy inakanyaga pale pale gitaa linapokanyaga. Rifi, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, na mwimbaji wanatembea wakiwa wameshikana mikono. Katika "Heaven and Hell", ubeti ukianza, gitaa linajitoa. Besi ndiyo inayobeba wimbo pamoja na dramu, gitaa linaingia kidogo kidogo tu, na Dio anaachiwa uwanja mzima apande na kushuka anavyotaka. Mkono ni ule ule wa Iommi, ila umejifunza kunyamaza mahali ambapo zamani ulikuwa unapiga. Ndipo Sabbath ilipookolewa. Dio hakuulizwa kama anaweza kuimba kama Ozzy. Bendi ilijiuliza itungeje sasa kwa kuwa yupo Dio.

Waliofuata nitawapitia haraka. Ian Gillan wa bendi ya Deep Purple aliimba albamu moja, mwaka 1983. Kisha Glenn Hughes mwaka 1986, kwenye albamu ambayo Iommi aliitaka iwe yake binafsi, kampuni ya rekodi ikashikilia jina la Black Sabbath liwekwe kwenye jalada. Tony Martin akaingia mwaka 1987 na kuimba albamu tano, na wengi hawamhesabu kabisa. Mimi namhesabu. "Headless Cross" ya mwaka 1989 ni kazi ya watu waliokuwa wanajua wanachokifanya, na ninasikitika kila ninapokuta kijana anayejua Sabbath ya Ozzy yote bila kuwahi kuifungua.

Sasa kuhusu mashabiki wanaosema mtawadanganya watu. Mwaka 2006 Iommi, Butler, Dio na mpiga dramu Vinny Appice walikutana tena. Hao wanne ndio waliorekodi "Mob Rules" ya mwaka 1981 kwa jina la Black Sabbath, lakini safari hii walipanda jukwaani kwa jina la Heaven & Hell. Wakati ule mtu akisikia Black Sabbath alitegemea kumwona Ozzy na nyimbo za Ozzy, na wao walitaka anayekata tiketi ajue anakwenda kusikia nini. Huo ndio uaminifu wenyewe. Upande wa pili wapo Napalm Death, nao pia wa maeneo ya Birmingham. Albamu yao ya kwanza, "Scum" ya mwaka 1987, upande mmoja ulipigwa na kikosi kimoja na upande wa pili na kikosi kingine; aliyekuwemo pande zote mbili ni mpiga dramu Mick Harris peke yake, naye aliondoka baadaye. Leo hakuna mwanzilishi hata mmoja aliyebaki, na sijakutana na shabiki wao anayesema ametapeliwa, kwa sababu bendi haikuwahi kuficha nani yuko jukwaani. Wekeni sura zenu mpya kwenye bango. Semeni wazi kwamba fulani na fulani wameondoka kwa heri. Shabiki akiwa amejua tangu mwanzo, hasira huisha haraka.

Lililonifanya niandike kwa urefu hivi ni jambo ambalo hukuliuliza: huyo mwimbaji mpya ataingiaje.

Iron Maiden iliundwa na mpiga besi Steve Harris, mashariki mwa London, Desemba 1975. Paul Di'Anno aliimba albamu mbili za kwanza, Bruce Dickinson akaingia mwaka 1981, na "The Number of the Beast" ya mwaka uliofuata ikawafikisha kila pembe ya dunia. Dickinson alipoondoka mwaka 1993, nafasi ilichukuliwa na Blaze Bayley kutoka bendi ya Wolfsbane. Bayley ana sauti ya chini, yenye kifua. Nyimbo za Dickinson ziko juu kabisa. Bendi ikaendelea kuzipiga kwenye ufunguo ule ule, yaani kimo kile kile cha sauti, shoo baada ya shoo, koo la mwenzao likichoka. Shoo kadhaa zilifutwa kwa sababu ya sauti yake, na watu wakamlaumu yeye. Mimi siwezi kumlaumu. Kushusha nyuzi za gitaa toni moja ni kazi ya dakika tano. Kushusha koo la binadamu haiwezekani. Na utaona haki ilipo ukitazama nyimbo zilizotungwa wakati wake. "Sign of the Cross" na "The Clansman" zilikuwa imara kiasi kwamba Dickinson aliporudi mwaka 1999 aliziimba yeye mwenyewe, na zimo kwenye rekodi ya shoo yao ya Rock in Rio ya Januari 2001. Bayley aliposhindwa, alishindwa kwenye nguo za mtu mwingine.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu sisi wenyewe tulifanya kosa hilo. Bendi niliyopigia besi ilipoteza mwimbaji, tukampata kijana wa Dandora mwenye sauti ya chini ya ajabu, akiunguruma unahisi sakafu inatetemeka. Tulimpa nyimbo nane za zamani na wiki mbili za kuzikariri. Shoo ilikuwa kwenye baa moja Industrial Area, watu kama mia hivi. Kufika wimbo wa tano sauti ilikuwa imekwisha, na pale mbele wakaanza kuliita jina la yule wa zamani. Alimaliza shoo yote. Akashuka, akakunja waya wake wa maikrofoni vizuri, akatuaga, akaenda kutafuta matatu. Alivumilia miezi minne kisha akaacha. Baadaye kabisa nilikuja kujua kwamba alikuwa na daftari zima la mashairi yake, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Sheng, na kwa miezi ile minne hakuna mmoja wetu aliyemwomba asome hata ukurasa mmoja. Mimi ndiye niliyekaa karibu naye zaidi, na sikumwomba.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye metali mfano mkubwa wa kulikosa jembe hilo ni Jason Newsted. Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, alifariki tarehe 27 Septemba 1986 basi la bendi lilipopinduka Uswidi. Newsted akachukuliwa wiki chache tu baadaye, wenzake wakiwa bado wanaomboleza. Walimfanyia mizaha mikali kwa muda mrefu. Kwenye albamu kamili ya kwanza aliyorekodi nao, "...And Justice for All" ya mwaka 1988, besi ilishushwa mpaka haisikiki. Mimi ni mtu wa besi. Nimeisikiliza albamu ile kwa spika kubwa na kwa simu, kwa hedifoni za studio na za barabarani, na kila mara namtafuta ndugu yule simpati. Alikaa miaka kumi na minne, akaondoka Januari 2001 baada ya mvutano juu ya bendi yake ya kando, ambako nadhani alikuwa amepata jembe la kushika. Nao walijifunza. Walipomchukua Robert Trujillo mwaka 2003 walimwekea mezani dola milioni moja kama malipo ya kuanzia, kamera zikiwaka, kumwonyesha kwamba ni mwenzao tangu siku ya kwanza. Yupo hadi leo.

Nyinyi hamna dola milioni, najua. Lakini besi isikike. Neno la mgeni liingie kwenye wimbo. Fedha za shoo zigawanywe sawa kuanzia shoo ya kwanza, hata ikiwa ni nauli tu. Na asije mazoezini akakuta mnacheka utani wa mwaka 2018 asioujua usiku mzima.

Watu wa Nairobi, hata hivyo, hatuna haja ya kusafiri hadi Birmingham kulielewa jambo hili. Waulize wazazi wako. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, Watanzania waliohamia Kenya, walianzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani na wenzake kadhaa walitoka, wakaunda Les Wanyika, ikatupa "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye harusi hata bibi anaacha sahani. Issa Juma naye akawa na Super Wanyika yake. Jina Wanyika likagawanyika kama shamba la urithi, na Simba Wanyika wenyewe hawakufa; waliendelea kurekodi miaka yote ya themanini. Mimi hulieleza hivi: kila tawi liliondoka na mtu anayejua kutunga. Kinyonga walibaki na nyimbo zao, waliotoka walikwenda na ridhimu yao, na pande zote mbili zikapata cha kula. Ni muziki wa mbali na wa kwako, lakini gitaa la ridhimu la Shabani lilikuwa kwa bendi ile kama rifi ilivyo kwa metali. Ndiyo maana nilipoona umeandika kwamba nyimbo huanzia kwenye gitaa lako, sikuhitaji kufikiri sana kuhusu jina.

Lakini jina lina upande wa karatasi, na karatasi hizo zifanyeni kabla mwimbaji mpya hajafika. Queensrÿche ya Marekani iligombana na mwimbaji wake Geoff Tate mwaka 2012, na kwa muda kukawa na bendi mbili zinazozunguka kwa jina moja, hadi walipoelewana mwaka 2014 na Tate akaliacha jina kwa wenzake. Miaka miwili ya mawakili kwa jambo ambalo lingeandikwa mapema. Andikeni kama mnavyoandika katiba ya chama: jina ni la nani, akitoka mtu anaondoka na nini, akiingia mtu anaanza na nini. Jina la biashara mnaweza kulisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mkitaka ulinzi wa kweli nendeni KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, mlisajili kama alama ya biashara. Ulinzi ni wa miaka 10 na huhuishwa.

Kuhusu maneno ya mwimbaji wenu: ni mali yake, hata akiwa Kanada. Mwandikieni leo, mkiwa bado mnapendana. Akubali kwa maandishi kwamba mtaendelea kuimba nyimbo zile, na sehemu yake ya kila wimbo iandikwe kwa asilimia, kisha kazi zisajiliwe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa majina ya wote waliotunga. Metallica walimfukuza Dave Mustaine mwaka 1983 kabla hata ya albamu ya kwanza, tena kwa ubaya, lakini jina lake limeandikwa kama mtunzi kwenye nyimbo nne za albamu ile. Ikiwa walioachana vile waliweza, nyinyi mnaoandikiana salamu mtashindwaje?

Mpiga dramu ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Eldoret ni kilomita 300 na ushee, si mwezini. Muulizeni kama anaweza kurekodi akiwa huko na kuja kwa shoo mbili tatu kubwa kwa mwaka. Wapo watakaofurahi kuombwa. Akikataa, msimchukue mpiga dramu wa kwanza anayejua pedali mbili kwa sababu tu mji huu hauna wengi. Wawili mnatosha kuanza. Duma walikuwa wawili tu, Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa hapa hapa Nairobi, kila mmoja ametoka kwenye bendi yake ya metali: Khanja kutoka Lust of a Dying Breed, Karugu kutoka Seeds of Datura. Jina lao wamelitoa kwenye neno la Kikuyu la giza. Msomaji wa Kiswahili humdhania yule mnyama mwenye mbio. Dramu zao zilikuwa za mashine, zinakwenda kasi ambayo miguu ya mtu haiwezi, na albamu yao ya mwaka 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilisikilizwa na kusifiwa mbali kuliko kazi nyingi za roki zilizowahi kutoka hapa kwetu. Wangesubiri mpaka wawe wanne, labda wangekuwa bado wanasubiri.

Ukianza kuwasikiliza waimbaji, usiwape nyimbo zenu za zamani siku ya kwanza. Piga rifi ambayo haijawahi kuwa na maneno, irudie dakika kumi, umwambie aimbe chochote, kwa lugha yoyote, kelele tu ikibidi. Sikiliza sauti yake inatua wapi ikiwa haijabanwa. Tungeni naye nyimbo tatu kabla ya kugusa ile hazina ya kumi na moja, kisha mchague nne zinazomkaa na kuzihamishia kwenye ufunguo wake. Zilizobaki ziacheni kwenye rekodi, pale sauti ya rafiki yenu itakapobaki nzima.

Na ikibidi ushuke toni nzima, kutoka E hadi D, badilisha na nyuzi. Zile za unene wa 10 hadi 46 zitalegea, zitaparaza kwenye freti na kuruka tuni kila ukikaza mkono. Weka 11 hadi 54, umpelekee fundi gitaa akurekebishie shingo, na mdogo wako afanye vivyo hivyo kwenye besi wiki hiyo hiyo.